Tamaa Haijikati Yenyewe

Imekuwa desturi siku hizi kuwasikia wahubiri na washauri wakitunasihi kwamba furaha ni uamuzi: mtu aamkapo na achague kufurahi, na siku yake itanyooka. Nasaha hiyo hutolewa kwa wepesi mno, hasa na wale ambao mifereji yao haijapata kukauka. Hebu tuipeleke Takaba, katika Kaunti ya Mandera, tuone kama itasimama.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli kwa mfululizo katika nyanda kame za kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikaangamia nchini. Kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 2014, magaidi waliwaua watu 28 waliosafiri kwa basi kutoka Mandera kwenda Nairobi, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Walimu wengi wasio wenyeji walihama, na shule kadha zikategemea vijana waliotoka tu kumaliza kidato cha nne. Je, mtoto aliyepoteza mifugo ya babake na mwalimu wake wa hesabu katika utoto mmoja, tumwambie achague kufurahi?

Naamini jibu limo katika lugha yetu. Mtu hufiwa, huibiwa, hupatwa na njaa, hufikwa na msiba. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutendwa, kwa kuwa mhusika hakushauriwa. Lakini mtu hukata tamaa. Hapa kitenzi ni cha kutenda, na mwenye kukishika kisu ni yeye mwenyewe. Vivyo hivyo hushukuru, huvumilia na hufurahi. Sarufi si msahafu, lakini waliotuachia lugha hii walijua kutenganisha yanayotupata na tunayoyatenda.

Tazama pia salamu zetu. Katika nchi ya Takaba watu huulizana amani kwanza: Msomali husema nabad, Mborana husema nagaa. Mswahili naye huulizwa "hujambo?" akajibu "sijambo", hata akiwa na jambo zito kifuani. Huo si uongo. Kwanza huthibitisha kwamba yungali mzima na yungali miongoni mwa watu. Kisha hukaa kitako na kueleza yanayomsibu. Furaha ya kuchagua ina mpangilio huo huo: haifuti habari mbaya, ila haiiachii itangulie.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walisimamisha basi na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Hakuchagua risasi, alichagua jibu lake. Sidhani kuna aliyekuwa akitabasamu ndani ya basi lile, lakini mwalimu huyo alituonyesha kwamba hata mahali ambapo hofu ina bunduki, moyo wa binadamu una mamlaka yake.

Hata hivyo, nasaha hii isigeuzwe kisingizio. Mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki. Hakuna awezaye kuwalaumu walioondoka. Lakini mwanafunzi mchangamfu bado anahitaji mwalimu wa kemia, maji ya kunywa na barabara salama. Anayemhimiza mtoto wa Takaba afurahi huku akimnyima haki hizo anamdhihaki.

Walimu wenzangu, tuanze kila siku kwa kumwonyesha mwanafunzi jambo moja analoliweza leo ambalo jana hakuliweza. Hiyo ni furaha yenye ushahidi. Nanyi wanafunzi, daini mnachostahili kwa sauti kamili, kwani mwenye matumaini ndiye hudai. Aliyekata tamaa hunyamaza. Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki ni faraja. Dhiki huja bila kualikwa. Faraja ikifika, na ipate mtu wa kuifungulia mlango.