Simama Mbali Utazame

Neno lililonifanya nishike kalamu ni hili: kwamba kijana aendaye kutazama magari ya moshi ni mvivu, na kijana apigaye picha za magari hayo ni mpoteza wakati. Neno hili husemwa na wazazi wema, husemwa na walimu wenzangu, na husemwa na vijana wenyewe wanapochekana. Mimi nalikana. Nasema, msomaji wangu, kwamba kutazama treni ni elimu, kwamba kuipiga picha ni kazi ya kuhifadhi historia, na kwamba aibu haimo katika kutazama bali imo katika kutazama vibaya. Nitayaeleza haya moja baada ya jingine, nawe uwe hakimu.

Tuanze na elimu. Kila mwanafunzi amekariri kwamba reli ya kwanza ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Kisumu, mwaka 1901. Tarehe hizo hukaa kichwani mpaka siku ya mtihani, kisha huruka kama ndege. Lakini muulize mwanafunzi huyo kwa nini njia ile hupinda na kuzunguka vilima, badala ya kunyooka kama uzi wa fundi, utamwona akikuna kichwa. Jibu haliko mbali na macho. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi penye mwinuko mkali, kwa hiyo reli haiwezi kupanda mlima kama mbuzi apandavyo. Hutoka usawa wa bahari Mombasa, hupanda kidogo kidogo mpaka Mau Summit, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,500, kisha hushuka mpaka ziwani. Katika kupanda huko kila pindo ni jibu la hesabu. Mwanafunzi aliyesimama ubavuni mwa kilima akaona mabehewa yakijikokota penye pindo, injini ikinguruma kwa uzito, ameelewa maana ya mwinuko kuliko aliyechora mistari kumi ubaoni.

Tena nchi yetu ina bahati ya kuwa na reli za namna mbili, na kuzitazama zote mbili ni kusoma nyakati mbili. Reli ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli mpya, iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Ya zamani ilikizunguka kilima kwa adabu. Ya kisasa hukikata kilima, na penye bonde huruka juu ya nguzo. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi daraja lake lina urefu wa kilomita 6 na zaidi, na wanyama hupita chini yake. Je, nguzo hizo zilikuwa na faida gani kwa wanyama, nazo zilikuwa na hasara gani kwa mbuga? Watu wazima walibishana sana juu ya swali hili, nawe ukitaka kuingia katika ubishi huo, shurti kwanza uwe umetazama. Asiyetazama hana hoja, ana uvumi tu.

Sasa nije kwenye historia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ya reli imepotea mara nyingi namna hiyo. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya kwanza, na wapatao 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo; wengine waliliwa na simba pale Tsavo mwaka 1898. Afrika nayo ilitoa mikono yake na mabega yake. Tazama picha za siku zile. Injini ina namba, afisa ana jina, lakini mtu aliyebeba taruma begani mwake hana jina wala namba. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua ni nani atakayekumbukwa.

Wala usidhani kwamba hayo ni ya zamani mno. Kati ya mwaka 1955 na 1956 ziliundwa Manchester, Uingereza, injini 34 za mvuke kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizopata kwenda juu ya reli ya mita moja popote duniani. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na ilipokaribia mwaka 1980 zikawa zimekwisha kazi zao. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nenda ukaziguse kwa mkono. Lakini picha nyingi nilizopata kuziona za injini hizo zikiwa kazini, moshi ukipaa na chuma kikitetema, zilipigwa na wageni waliosafiri kutoka ng'ambo ili kuziona. Siwalaumu wageni hao, nawashukuru. Lawama yangu iko kwetu, tuliopitiwa na maajabu hayo mlangoni kila siku tukayaona kuwa ni kelele.

Huko Marekani palikuwa na mpiga picha wa New York, O. Winston Link. Alipoona kwamba injini za mvuke zinakaribia kwisha, alisafiri mara nyingi kwenda Virginia, kuanzia mwaka 1955 mpaka 1960, akazipiga picha usiku kwa taa nyingi alizozipanga mwenyewe. Hakupiga injini peke yake. Alipiga pia watu wanaoishi kando ya reli, nyumba zao na mazoea yao. Nataka uangalie jambo moja katika habari yake: hakuingia relini kwa kunyemelea. Alikwenda kwa wenye reli, akawaeleza kusudi lake, wakamruhusu na kumsaidia. Kazi yake inatazamwa mpaka leo. Nasi, je? Treni ya abiria ya Mombasa iliyopita katika reli ya zamani ilifanya safari zake za mwisho mwaka 2017. Siku hizo simu zenye kamera zilikuwa mifukoni mwa watu wengi. Waulize jamaa zako ni nani aliyeiweka treni hiyo katika picha, akaandika tarehe na mahali.

Nimekwisha kuwajibu wanaodharau. Sasa nawageukia wanaopenda, maana miongoni mwao wapo wanaoipa kazi hii jina baya. Namsema kijana anayesimama katikati ya reli, kaipa treni mgongo au uso, ili apigwe picha apate kusifiwa na wenzake. Huyu hatazami treni; anajitazama mwenyewe, na treni ameifanya pambo. Nitamjibu kwa hesabu, kwa kuwa maonyo matupu ameyazoea.

Treni ya abiria ya reli mpya huweza kwenda kilomita 120 kwa saa. Gawanya, utapata mita 33 kwa kila sekunde. Ukiiona iko mita 300 kutoka ulipo, una sekunde 9 za kuishi au kuondoka. Nayo haina usukani wa kukukwepa. Dereva akivuta breki kwa nguvu zake zote, uzito wake utaipeleka mbele mamia ya mita kabla haijasimama. Tena mwili wa treni ni mpana kuliko reli zake. Kwa hiyo aliyesimama hatua moja kando ya chuma, akidhani yu salama, yumo njiani mwake. Na liko la nne lisilojulikana na wengi: kamera ya simu huonyesha vitu vilivyo mbali kuwa vidogo na mbali zaidi kuliko vilivyo. Anayeitazama treni katika kioo cha simu anatazama uongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini relini, mtu hatabakiwa na guu la kuuguza. Mfikirie na dereva pia, ambaye hana kosa lolote, naye atalala na sura yako machoni mwake maisha yake yote.

Lililo baya zaidi ni kwamba hatari yote hiyo haina hata faida. Picha iliyopigwa kutoka katikati ya reli huonyesha uso wa injini tu. Urefu wa mabehewa haumo, pindo halimo, nchi haimo. Mpiga picha huyo ametoa roho yake rehani, akapata picha mbaya.

Mahali pazuri pa kutazamia ni wapi, basi? Kwanza ni mahali halali: kwenye jukwaa la stesheni kwa idhini ya stesheni masta, kwenye njia ya waendao kwa miguu juu ya daraja la barabara, au kwenye mteremko wa kilima nje ya ua wa reli. Kuingia katika njia ya reli bila ruhusa ni kosa kwa sheria, na sheria hiyo ni rafiki yako. Pili, tafuta mwinuko, kwa maana hapo treni hupunguza mwendo na nguvu zake huonekana. Tatu, tafuta pindo, ukae mbali, ili gari lijionyeshe urefu wake wote. Nne, lijue jua. Njia ya Mombasa hadi Nairobi huelekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo asubuhi simama upande wake wa kaskazini-mashariki, na alasiri upande wa kusini-magharibi, jua likiwa nyuma yako. Saa sita mchana pumzika, kwani jua la utosi huyafunika magurudumu kwa kivuli. Tano, ijue ratiba, usije ukangoja siku nzima kama mvuvi asiyejua maji kupwa na kujaa.

Mahali hapo si haba. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara kuu na reli hukaribiana, na treni huonekana ikikata udongo mwekundu wa Tsavo. Lakini ubaki garini, kwa kuwa nchi ile ina wanyama wakali. Ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi utaona treni juu ya nguzo na nyasi chini yake. Makupa, reli na barabara huingia pamoja katika kisiwa cha Mombasa. Reli ya zamani nayo hupita katikati ya Kibera, ambapo watu huuza na kununua kando ya chuma. Hapo nakuonya kwa namna nyingine. Kwa mwenye biashara yake pale, reli ni mlango wa riziki. Usimnyoshee kamera kana kwamba ni nguzo ya simu. Msalimu, mwombe, na akikataa, shukuru uondoke.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye mamlaka. Nimewahi kuwaongoza wanafunzi ishirini, wamevaa sare na kushika madaftari, mpaka katika stesheni moja nisiyoitaja. Askari alitufukuza kabla hatujamaliza kujieleza. Natambua kwamba kazi yake ni ulinzi, na ulinzi ni jambo jema. Lakini kijana anayefukuzwa penye jukwaa salama haachi kupenda treni. Huenda akatafuta tundu katika ua. Anayeifunga njia iliyo halali humfungulia kijana njia ya hatari. Shule na ziandike barua mapema, na stesheni ziweke siku na mahali pa wanafunzi, chini ya macho ya mlinzi. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni roho za watu.

Nawe, msomaji, usingoje mpaka wakubwa wapatane. Chukua daftari. Siku utakapoona treni, andika tarehe, saa, mahali, namba ya injini, upande iliokuwa ikielekea, na mzigo uliouona. Andika na jina la mtu aliyekuwa akifanya kazi pale, akikuruhusu. Picha isiyo na maneno hayo ni kama kaburi lisilo na jina. Baada ya miaka hamsini hakuna atakayejua ni ya nani. Treni unazoziona leo kuwa mpya zitazeeka, kama zilivyozeeka injini zilizoitwa kwa majina ya milima, na watoto wa watoto wako watauliza zilikuwaje. Wajibu wewe. Simama mbali, tazama sana, andika yote.