Kobe Naye Ana Haki ya Jua



Katika ziara yetu ya Nakuru tulikirimiwa na jamaa waliohamia huko kutoka Mombasa. Baada ya swala ya Laasiri, kijana wao mdogo alituletea kobe aliyemwokota njiani miezi kadhaa nyuma. Akatuomba tumguse gamba. Tulipolibonyeza, likabonyea. Mtoto akatuuliza iwapo atakufa.

Mama yake alishangaa, kwani kila siku alimpa majani mabichi, na sanduku lake aliliweka penye dirisha apate jua. Kosa lilikuwa hapo, nalo lilitendwa kwa nia njema. Kioo hupitisha nuru na joto, lakini huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Kwa miale hiyo kobe huunda vitamini D mwilini mwake. Akiikosa, kalsiamu ya chakula haimfai kitu, na gamba, ambalo ni mfupa, hulegea.

Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na asubuhi zake ni za baridi (sisi wa pwani tulilala na mablanketi mawili). Hata hivyo jua lake la mchana ni kali, tena halina bei. Kumtoa kobe uani, penye kivuli cha kujisitiri, ni bora kuliko taa yoyote. Asiye na ua hana budi kutafuta taa maalumu itoayo miale hiyo; balbu ya kawaida hutoa joto tu. Iwashwe mchana kwa muda wa saa 12, izimwe usiku, na ibadilishwe kwa wakati wake ijapokuwa bado inawaka, kwa maana miale hufifia kabla ya nuru.

Tuliwakumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga kobe wa porini bila kibali. Jambo hili wazazi hawakulijua.

Siku ya pili baba alimpeleka kobe kwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mtoto alilia njia nzima, nasi hatukumkataza.