TAHARIRI: Gharama ya Kuacha Sigara Isimshinde Mnyonge

Hapana asiyejua kwamba sigara ni adui wa afya. Mchukuzi wa bandarini Malindi anajua, na mvuvi wa Mkoani anajua. Wengi wao wamekwisha kujaribu kuiacha, wakashindwa. Ni wepesi wetu kuwalaumu kuwa hawana nia. Leo tunapenda kuuliza swali jengine: je, njia ya kutokea wanaimudu?

Mtu wa kipato cha chini hanunui pakiti. Hununua sigara moja moja, kwa kadiri ya riziki ya siku ile. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mvutaji, haba na haba ndiyo inayokimwaga kibaba, naye hatambui, kwani kila mara anachotoa ni kidogo.

Sigara za umeme, ambazo katika nchi kadhaa hutumiwa na wavutaji wanaotaka kuachana na moshi wa tumbaku, zina hesabu ya kinyume. Kwanza lazima kinunuliwe chombo chenyewe. Kisha maji yake ya nikotini, vipuri vinavyochakaa, na umeme wa kukichajia. Huenda baada ya miezi mtumiaji akaona nafuu, lakini fedha ya mkupuo mmoja hutakiwa siku ya kwanza. Mwenye mshahara ataitoa. Kibarua ataitoa wapi?

Uingereza ililitambua jambo hili. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali yake ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja wa England vyombo hivyo bila ya malipo, pamoja na ushauri. Hata ilipoamua kutoza maji hayo kodi ya pauni 2.20 kwa kila mililita 10, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, iliamua pia kuongeza ushuru wa tumbaku, ili sigara isije ikawa ndiyo rahisi.

Hatusemi kwamba tuige kila kitu. Sigara ya umeme si kitu kisicho na madhara. Nikotini yake hutia uraibu, na Shirika la Afya Duniani limeonya mara nyingi juu ya kuenea kwake miongoni mwa vijana. Mtoto asiyepata kuvuta hana haja nayo hata kidogo, na hatupendi kuiona ikiuzwa karibu na skuli zetu. Tunachokichukua kutoka kwa wenzetu ni somo moja tu: anayetaka kuacha asaidiwe gharama.

Msaada huo unaweza kuanza kwa dawa zilizokwisha kuthibitishwa. Vibandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi zirahisishe upatikanaji na unafuu wa matibabu ya uraibu huu. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila ya malipo kwa sababu ugonjwa haubagui mwenye nacho na asiye nacho. Uraibu wa tumbaku nao ni ugonjwa.

Kwa hivyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Dawa hizo zipatikane katika hospitali na vituo vya afya vya umma, Unguja na Pemba. Wahudumu wa afya wafunzwe kumuuliza kila mgonjwa kama anavuta, na kumshauri kwa upole. Na sehemu ya ushuru wa sigara irudishwe kumsaidia yule yule aliyeulipa.

Kumwambia mnyonge aache sigara, na huku njia ya kuiachia inamshinda bei, ni kumwonyesha mtu mlango ilhali ufunguo tumeushika sisi.