Kocha aliyemkumbatia mkosaji

KUTOKA MPAKANI
Na Ezekia Simwanza

Wiki iliyopita foleni ya malori ilirudi nyuma mpaka Mpemba, na ikishafika huko sisi wa Tunduma tunajua kazi yetu: kuuza chai, maandazi na vocha, na kupiga soga na madereva. Mmoja wao, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa na siku mbili hajasogea, alikuja kwenye banda la chai akiwa amevaa fulana ya mtumba yenye namba 55 mgongoni na jina la Mutombo juu yake. Kijana anayetuuzia chai akamuuliza kama huyo Mutombo anachezea TP Mazembe.

Dereva alicheka hadi chai ikamwagika. Akainua kidole cha shahada, akakipunga kulia na kushoto kama mtu anayemkataza mtoto asiguse jiko. "Papa, ule ni wa mpira wa kikapu," akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mvi pale. Akaeleza jinsi Dikembe Mutombo alivyokuwa akizuia mipira kisha akiwapungia wapinzani kidole hicho. Halafu akaongeza jambo ambalo nimetembea nalo wiki nzima: "Alikuwa na kocha kule chuo. Ile haikuwa kocha, ilikuwa baba yake."

Tunduma ni mji wa soka. Ukitaja kikapu hapa, mama atadhani unakwenda sokoni. Lakini kocha yule namjua, na sababu ya kumjua si nzuri sana, nitaieleza.

Aliitwa John Thompson. Jitu la futi sita na inchi kumi, Mmarekani mweusi wa Washington, taulo jeupe begani siku zote za mchezo. Alifundisha Chuo Kikuu cha Georgetown kuanzia 1972 hadi 1999. Mwaka 1984 akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya daraja la juu Marekani. Hapo ndipo vitabu vya kumbukumbu vinapoanzia. Mimi naanzia miaka miwili nyuma, siku aliyoshindwa.

Machi 1982, fainali, New Orleans, watu zaidi ya 61,000 uwanjani. Georgetown wanacheza na North Carolina. Kijana wa mwaka wa kwanza wa North Carolina anarusha mpira kutoka pembeni, unazama, 63 kwa 62. Kijana huyo ni Michael Jordan, ila siku ile ulimwengu ulikuwa haujamjua. Zimebaki sekunde zisizofika 20. Georgetown wanapandisha mpira, ukiwa mikononi mwa Fred Brown, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Anaona mtu kwa pembe ya jicho, anadhani ni mwenzake, anampa pasi. Alikuwa James Worthy wa timu pinzani. Si kwamba alipokonywa. Alimpa mwenyewe, mkononi, kama anayemrudishia mtu chenji. Mchezo ukaishia hapo.

Sasa fikiri ingekuwa uwanja wetu wa shule ya msingi, mchezo wa kata na kata. Fikiri matusi. Thompson alimvuta Fred Brown, akamkumbatia mbele ya kamera zote, kichwa cha kijana kikapotea kwenye kifua cha jitu lile. Wamarekani wengi ambao hata si mashabiki wa Georgetown wanaikumbuka picha hiyo kuliko kikombe chenyewe.

Naikumbuka na mimi, kwa sababu nilipoiona mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, nilikasirika. Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya Mbozi ambayo sitaitaja, nilicheza kikapu mwaka mmoja. Tulikuwa na mlingoti mmoja wa mkaratusi na ringi iliyochomelewa na fundi wa mageti. Kwenye mchezo na shule jirani nilibaki peke yangu chini ya ringi, nikakosa. Mwalimu wetu wa michezo alinitoa pale pale, akanisimamisha mbele ya wasichana wa shule ile, akaniambia nikapalilie kahawa, michezo niwaachie wenye akili. Tulishindwa kwa pointi zaidi ya kumi, kwa hiyo kikapu changu kisingeokoa kitu. Sikugusa tena mpira. Huyo mwalimu alisifiwa sana wilayani: mkali, mwenye nidhamu, timu zake zinafika mbali. Na kweli zilifika mbali. Nilijiuliza ni wangapi walioachwa njiani kama mimi ili zifike.

Hapo ndipo ugomvi wangu na sisi mashabiki unapoanzia. Tunasema tunampenda kocha fulani kwa tabia yake, utulivu wake, uongozi wake. Mara nyingi tunachopenda ni jedwali la ligi. Tabia tunaibandika baadaye, kama stika ya maandiko nyuma ya lori. Chukua Novemba 2024. Yanga waliachana na Miguel Gamondi, kocha aliyewapa ubingwa wa msimu wa 2023/24 na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku chache kabla alikuwa amefungwa na Azam, kisha na Tabora United, ndani ya wiki moja. Kijiwe cha hapa Sogea kilichokuwa kikimsifu kwa hekima na upole kilihitaji siku tano tu kugundua kwamba hekima ile ilikuwa uzembe na upole ule ulikuwa woga. Mtu hakubadilika. Matokeo yalibadilika.

Wala si ugonjwa wa Waswahili peke yetu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyepitia Makongo, alikwenda Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 chini ya kocha Jim Calhoun. Calhoun alimpokea kijana aliyekuwa ameanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, akamtengeneza kuwa mlinzi wa kutisha. Mwaka 2009 timu yao ilifika nne bora ya taifa, na Juni ile Memphis Grizzlies wakamchagua Hasheem akiwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA. Hayo ni makubwa na Tanzania nzima ilijivunia. Lakini Februari 2011 Calhoun huyo huyo aliadhibiwa na chama cha michezo ya vyuo, kwa uvunjaji wa kanuni katika kumsaka mchezaji, asisimamie michezo mitatu ya msimu uliofuata. Aprili mwaka ule akatwaa ubingwa wake wa tatu, na Connecticut ikaimba jina lake. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema kikombe kina mwanga mkali, ukikiangalia huoni kingine.

Thompson naye alikuwa na mengi ya kulalamikiwa. Alifoka, na maneno aliyofokea hayafai gazetini. Aliwaficha wachezaji wake kwa waandishi wa habari kiasi kwamba kwa fainali ile ya 1982 timu ililala Biloxi, jimbo jingine kabisa. Mwaka 1988 aliipeleka timu ya taifa ya Marekani Seoul ikarudi na shaba baada ya kufungwa na Wasovieti, na huko kwao shaba ni msiba. Siwezi kumchora malaika. Ninachotafuta ni alichokifanya pale ambapo ubao wa pointi haukuwa na habari naye.

Kwenye benchi lake, kati ya makocha wasaidizi, alikaa mwanamke aitwaye Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, ambaye kazi yake ilikuwa masomo ya wachezaji. Si mbinu wala mazoezi: masomo. Mezani ofisini Thompson aliweka mpira uliotoka upepo, ili kila kijana aingiaye aone kitakachobaki siku miguu ikichoka. Na katika waliokaa naye miaka yote minne, 97 kwa kila 100 walipata shahada. Januari 1989, kabla ya mchezo na Boston College, alitoka uwanjani, timu akamwachia msaidizi. Alikuwa anapinga kanuni mpya ambayo ingewanyima ufadhili wa chuo wachezaji wasiofikia alama fulani za kuingilia. Aliona wazi ni watoto wa maskini weusi watakaofungiwa mlango. Viongozi walilazimika kuisimamisha kanuni hiyo, na baadaye ikalegezwa.

Mwaka huo huo kuna kisa ambacho kila mzazi wa Tunduma angekielewa bila mkalimani. Washington ilikuwa na bwana mmoja wa dawa za kulevya, Rayful Edmond, kijana tajiri, mpenda kikapu, aliyeanza kuzoeana na wachezaji wa Georgetown, Alonzo Mourning akiwa mmoja wao. Thompson hakwenda polisi, hakuwafungia vijana bwenini. Alituma ujumbe kwamba anamtaka Rayful ofisini. Akaja. Wakaongea, na Thompson akamwambia aachane na watoto wake. Akaachana nao. Mwaka uliofuata Rayful alihukumiwa kifungo cha maisha, na hakuna mchezaji wa Georgetown aliyeandamana naye.

Sisi wa mpakani tunawajua akina Rayful. Hawana pembe. Ni watu wa kununulia vijana soda, wa kuwapa jezi mpya, wa kulipa nauli ya timu kwenda Vwawa wakati halmashauri inasema fungu halijatoka. Kisha jioni moja kijana anaombwa avushe kimzigo kidogo tu kwenda Nakonde, kwa njia za panya, kwa kuwa ana mbio. Nimeona wafungaji mahiri wakipotea hivyo, na sijawahi kusikia shabiki akimsifu mwalimu kwa kumwita mfadhili wa namna hiyo pembeni na kumwambia inatosha. Wapo waliofanya. Hawana kikombe, kwa hiyo hatuna la kuwaimbia.

Mutombo wa fulana ile alifika Georgetown mwaka 1987 akitoka Kinshasa, kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Thompson aliuona urefu wake kama ambavyo kocha yeyote angeuona. Lakini mwaka 1991 kijana alitoka chuoni na shahada ya isimu na diplomasia kabla ya kuingia NBA na kucheza misimu 18. Mama yake alifariki Kinshasa mwaka 1997, machafuko yakiwa yamezuia asifikishwe hospitali. Mwaka 2007 mtoto alifungua hospitali katika jiji lile, akaipa jina la mama: Biamba Marie Mutombo. Udaktari aliuingia kwa mlango mwingine. Dikembe alifariki Septemba 2024, miaka minne baada ya kocha wake.

Na Fred Brown? Mwaka 1984, Georgetown walipowashinda Houston kwenye fainali, alikuwa bado yumo kikosini, mwaka wake wa mwisho. Hakuachwa nyumbani, hakupelekwa kupalilia kahawa. Kipenga cha mwisho kilipolia yeye na Thompson walikumbatiana tena.

Jumamosi nilipanda Hiace kwenda Vwawa kwa shughuli za msiba. Njiani pancha, tukashuka karibu na shule moja ya sekondari ambapo wasichana walikuwa wanajiandaa na UMISSETA. Uwanja wa vumbi, ringi mbili, moja imeinama. Kocha wao ni mwalimu wa jiografia, mwembamba, na filimbi yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Binti mmoja mdogo alimrushia pasi mpinzani, wazi kabisa, na watazamaji tuliokuwa kando ya barabara, abiria wa Hiace tukiwamo, tukapiga kelele: mtoe! Mwalimu hakugeuka. Akamwonyesha binti kwa mkono arudi kulinda. Dakika chache baadaye binti akarudia kosa lile lile. Tukapiga kelele zaidi. Mwalimu akabaki amekunja mikono, na binti akabaki uwanjani.

Walifungwa. Tairi lilikuwa limeshakazwa na konda anaita, lakini nilichelewa kupanda kidogo. Mwalimu aliokota mipira miwili, ambayo nadhani ndiyo yote ya shule. Mmoja akauweka kwapani. Mwingine akampa yule binti aubebe mpaka ofisini.