Ualimu wa hesabu unalipiwa, ila soma karatasi kwanza!

Mabrazameni na masista duu mnaosubiri stori za mapenzi, wiki hii mtanivumilia kidogo. Nina maneno na wale waliomaliza kidato cha sita na PCM au PCB zao, ambao sasa wanashinda kijiweni wakiulizana waende wapi.

Mtaani kwetu yuko binti mmoja, fizikia na hesabu kwake ni mteremko. Juzi katangaza kwamba anataka kuwa mwalimu. Weee! Kijiwe kizima kilimcheka. "Chaki itakulipa nini, sista?" Yeye akajibu kwamba hela ya kusoma ipo, maana walimu wa sayansi wanatafutwa kwa tochi. Nikamuunga mkono palepale, ila nikamuuliza swali moja: hiyo hela inaitwaje?

Msicheke. Hela ya shule ina majina matatu. Kuna zawadi, ukipewa umepewa. Kuna mkopo, huo unarudisha. Halafu kuna ile ya tatu, inaingia ndani ikijiita zawadi, lakini ukikosea masharti inageuka mkopo.

Hii ya tatu ndiyo iliyowaliza Wamarekani. Mwaka 2008 serikali yao ilianza kutoa ruzuku iitwayo TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka, kwa wanaosomea ualimu wa masomo yenye uhaba, hesabu na sayansi zikiwemo. Sharti ni kwamba ukihitimu ufundishe miaka 4 ndani ya miaka 8, tena kwenye shule za watoto wa familia maskini. Hapo hakuna ubaya. Kumbe kulikuwa na fomu ya kurudisha kila mwaka! Maelfu ya walimu, wengine wakiwa darasani wanafundisha kama walivyoahidi, wakachelewesha ile fomu au wakaikosea kidogo tu. Ruzuku ikageuzwa deni, na riba ikahesabiwa tangu siku hela ilipotoka. Mwaka 2018 mambo yakaanikwa hadharani, serikali ikabanwa, ikaanza kuwarudishia watu haki yao. Yaani mtu kafundisha kweli, kaangushwa na karatasi!

Huko huko kuna ufadhili mwingine uliopewa jina la Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel. Huu ni wa wanafunzi wa sayansi, hesabu na uhandisi wanaotaka kwenda kufundisha. Ukisomeshwa mwaka 1, unafundisha miaka 2 kwenye shule zenye shida. Ukikimbilia kazi ya benki, unadaiwa.

Hapa Bongo je? Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na ualimu wa sayansi na hesabu umekuwa miongoni mwa fani za kipaumbele. Mwaka wa masomo 2023/24 hata wa stashahada katika baadhi ya fani waliingizwa kwenye mikopo. Safi sana, lakini jina lake liko wazi: mkopo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Angalau ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inalinenepesha deni, ilifutwa mwaka 2021.

Sasa mimi nauliza wakubwa. Mwalimu wa fizikia aliyekubali kwenda kijijini anakatwa sawasawa na mwenzake aliyebaki mjini kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Hiyo ni haki? Wamarekani wameweza kugeuza zawadi kuwa deni, basi sisi tugeuze deni kuwa zawadi. Kila mwaka anaofundisha hesabu kwenye shule isiyokuwa na mwalimu wa hesabu, kipande cha deni lake kifutwe. Hapo utaona kama kijiwe kitaendelea kucheka.

Kabla siku hiyo haijafika, ndugu yangu, ukiletewa fomu usikimbilie kalamu. Uliza hela inaitwaje, unatakiwa ufundishe wapi na miaka mingapi, na ukiugua au ukikosa ajira inakuwaje. Omba majibu kwa maandishi, kisha toa kopi uifiche chini ya godoro.

Tukutane wiki ijayo, na mapenzi yatarudi.