Sinia la Shangazi
Jumamosi iliyopita, kwenye harusi moja huko Sinza, umeme ulikatika keki ndiyo kwanza inaletwa mbele, na jenereta ya ukumbi ikakohoa kidogo ikanyamaza. Nikamtazama MC. Bwana aliyekuwa akituamrisha kusimama, kukaa na kupiga makofi alibaki na maiki bubu mkononi, huku wanakamati, waliokuwa wamepanga hata rangi ya vitambaa vya viti, wakilaumiana gizani. (Mimi nilikuwa naiwazia pilau, nisiseme uongo.) Dharura haingoji kadi ya mwaliko. Mara shangazi mmoja akachukua sinia, akaligonga kwa kijiko, akaanzisha wimbo. Kina mama wakaitikia, vigelegele vikapanda, na bibi harusi, aliyekaa jioni nzima kama anayepigwa picha ya pasipoti, akavua viatu akaingia kati kucheza. Watu husema sisi wa mjini hatujui kupanga mambo. Mimi naona tumepanga mpaka tumesahau kufurahi, maana hata kicheko siku hizi tunamkodi mtu atuambie tukitoe saa ngapi. MC, nasikia, alilipwa chake chote. Shangazi hakupewa hata soda.