Neno la Muhula: Akidi

Neno letu muhula huu ni akidi. Wengi wetu tulilisikia kwanza kwenye mikutano ya jumuiya za wazazi: idadi isipotimia, watu wanakunywa chai na kurudi nyumbani. Sisi tunaosoma kompyuta tumelikuta tena darasani, kwani seva nazo hupiga kura.

Benki haiweki hesabu zako kwenye seva moja, maana ikizimika kazi imesimama. Huweka tatu au tano, na jambo huwa limekubaliwa zikilipokea zaidi ya nusu. Zikiwa tano, mbili zinaweza kufa na kazi ikaendelea. Tena, makundi mawili yenye zaidi ya nusu hayakosi mjumbe mmoja wa pamoja, na huyo hapigi kura mara mbili.

Shida huanza wajumbe wanapobadilika. Tuseme zipo A, B na C, tunaongeza D na E. Habari haizifikii zote kwa wakati mmoja. A na B bado zinaamini ziko tatu, zinachagua kiongozi kwa kura mbili. C, D na E zinajua ziko tano, zinachagua wao kwa kura tatu. Hakuna iliyodanganya, kila upande umetimiza akidi, na akaunti moja sasa inaweza kuwa na salio mbili!

Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford, katika itifaki yao ya Raft ya mwaka 2014, waliweka kipindi cha mpito: uamuzi upate zaidi ya nusu ya orodha ya zamani na zaidi ya nusu ya orodha mpya, kila moja ikihesabiwa peke yake. Hapo A na B hazitoshi, wala C, D na E. Ongaro alipendekeza pia njia nyepesi, ya kubadilisha seva moja moja. Mwaka 2015 alitangaza mwenyewe kwamba ina kasoro, akatoa marekebisho.

Sasa tazameni katiba ya chama chetu. Inasema akidi ni nusu ya wanachama, haisemi wa orodha ipi. Waliohitimu Juni bado wamo kwenye kundi la WhatsApp na wanapiga kura. Wapya wa Oktoba hawajaingizwa wote. Na mwezi ujao tunachagua mweka hazina. Tumempelekea katibu hoja: uchaguzi huu uhesabiwe kwa orodha zote mbili.